UCHUMBA NI WAKATI WA KUULIZA



Katika mafundisho ya ndoa tunayowapa vijana wetu, kuna swali tunalopenda kuanza nalo: "Je, mmejuana muda gani?" Wengi hujibu haraka: mwaka mmoja, miwili, hata mitatu. Kisha tunauliza la pili: "Na mwenzako ana deni la pesa ngapi?" Hapo darasa lote hunyamaza. Mmoja hucheka, mwingine hutazama viatu vyake.

Ndipo tunapoona ya kuwa kujuana muda mrefu na kujuana vizuri ni mambo mawili. Wachumba hukutana Jumapili baada ya Misa, wamevaa vizuri, wanakunywa soda pamoja. Jioni wanaandikiana ujumbe kwa simu mpaka usiku wa manane. Lakini yale mambo yatakayowafanya wakae pamoja miaka arobaini hawayagusi, kila mmoja akiogopa kumuudhi mwenzake. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Leo tunataka kueleza jambo moja tu. Uchumba ni wakati wa kuuliza, na mtu aliyeuliza ana haki ya kusema "la" baada ya kupata jibu.

JAMBO TULILOLIONA

Miaka michache iliyopita, binti mmoja alikuja ofisini kwetu siku ya Jumatatu asubuhi. Jana yake ndoa yake ilikuwa imetangazwa kanisani mara ya pili. Kamati ya arusi ilikuwa imeshachanga, kadi zimechapishwa, na nguo ya arusi iko kwa fundi. Baada ya Misa, mama mmoja kutoka upande wa kwao bwana arusi alimwendea paroko akamwambia ya kwamba kijana huyo ana mke nyumbani. Mbuzi walishapelekwa kwa wazazi wa huyo mke, na kuna mtoto wa miaka minne. Kijana alipoulizwa hakukana. Alisema tu, "Hiyo si ndoa, hatukufanya arusi."

Binti alilia kwanza. Alipotulia, hakutuuliza kama anaweza kumsamehe yule kijana. Aliuliza hivi: "Sasa mwalimu, nitawaambia watu nini?"

Hilo ndilo swali linalowaingiza wengi katika ndoa mbaya. Mtu anajua kabisa ya kuwa mambo si sawa, lakini anahesabu michango, kadi, na maneno ya majirani. Tulimjibu ya kwamba watu wataongea mwezi mmoja, halafu watapata jambo lingine la kuongea. Lakini ndoa ni ya maisha. Arusi ilisimamishwa. Kamati iliwarudishia watu pesa zilizobaki. Watu waliongea kweli, na kweli wakachoka.

AHADI YA UCHUMBA HAIMFUNGI MTU

Wengi hudhani ya kwamba mtu akishavishwa pete, au wazee wakishaonana, hakuna kurudi nyuma. Si kweli. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inasema wazi ya kuwa ahadi ya kuoana haimlazimishi mtu kuoa au kuolewa. Sheria ya Kanisa nayo inasema vivyo hivyo: hakuna anayeweza kushtakiwa ili alazimishwe kufunga ndoa aliyoahidi. Sheria zote mbili zinakubali kwamba aliyepata hasara kwa sababu mwenzake alivunja ahadi anaweza kudai fidia. Kwa hiyo ahadi si mchezo. Lakini pesa zilizopotea zinaweza kuhesabiwa na kulipwa, na maisha hayahesabiki hivyo.

Tena Kanisa linafundisha ya kwamba ndoa iliyofungwa kwa kulazimishwa au kwa hofu kubwa ni batili. Ile "ndiyo" ya mbele ya altare haina maana kama mtu hakuwa na nafasi ya kusema "la".

MAMBO MATANO YA KUULIZANA

1. Je, yuko huru?
Hili ndilo la kwanza. Ndoa ya Kikatoliki huandikwa pia katika kitabu cha parokia alikobatizwa mtu. Ndiyo sababu paroko huomba cheti kipya cha ubatizo: kikija kinaonyesha kama mtu alishafunga ndoa kanisani. Lakini cheti hicho hakionyeshi ndoa ya kimila, wala wale walioishi njoo-tukae. Na sheria ya 2014 inaihesabu ndoa ya kimila kuwa ndoa kamili. Pale ambapo mila yadai mahari, hata mahari kidogo ya kuonyesha nia yanatosha kuithibitisha. Mtu mwenye ndoa ya namna hiyo hawezi kufunga na mwingine ndoa ya mke mmoja. Basi usiulize tu "Umeoa?" Uliza, "Kuna nyumba yoyote ulikopeleka chochote? Una mtoto? Nani anamtunza?" Halafu nenda kwao ukaone, wala usitosheke na picha za simu.

2. Pesa zake zinaendaje?
Hatusemi uulize kama ni tajiri. Uliza anapata nini, anadaiwa nini, na anamsaidia nani. Siku hizi mtu anaweza kuwa na mikopo mitatu ya simu, na mchumba wake asijue mpaka waanze kupigiwa simu usiku. Zungumzeni pia juu ya wazazi na wadogo zake: karo ya mdogo wake italipwa na nani mkishaoana? Hebu jaribuni kupanga pamoja bajeti ya mwezi mmoja, mkiandika kila kitu, kodi, unga, nauli, sadaka, na pesa za chama. Saa moja ya kazi hiyo itawafundisha mengi kuliko safari kumi za matembezi.

3. Akikasirika anafanya nini?
Kila mtu hukasirika. Swali ni kitu anachokifanya baada ya hapo. Mtazame akikosewa na utingo wa matatu, au akiongea na mama yake, au na mfanyakazi wa hoteli aliyemletea chai baridi. Siku moja hasira hiyo itakuwa kwako. Mchumba anayedai kuona simu yako kila jioni, anayekukataza kuwasalimu rafiki zako, au aliyekupiga hata mara moja akasema ni mapenzi, huyo anakuonyesha nyumba yake itakavyokuwa. Ndoa haiponyi tabia hiyo. Sheria ya kukinga watu na dhuluma za nyumbani, ya mwaka 2015, inawalinda hata wachumba. Unaweza kwenda dawati la jinsia katika kituo cha polisi, au kupiga simu 1195, ambayo hailipishwi. Haya yanawahusu wanaume pia, maana wapo wanaoumia wakinyamaza kwa aibu.

4. Afya ikoje?
Nendeni pamoja mkapimwe virusi vya UKIMWI, msitumiane karatasi. Aliyeambukizwa siku za karibuni kipimo kinaweza kutomwonyesha, ndiyo sababu wauguzi hushauri kurudia baada ya miezi mitatu. Mmoja akipatikana na virusi, huo si mwisho wa dunia. Anayemeza dawa kila siku mpaka virusi visionekane katika damu hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ndoa. Ila mwenzake lazima ajue kabla, aamue akiwa macho wazi.

Kuna ugonjwa mwingine tunaousahau: selimundu, ambao wengi huuita siko seli. Uko kwa wingi sehemu za Nyanza, Magharibi na Pwani. Mtu anaweza kuwa mzima kabisa, kumbe amebeba chembe yake katika damu. Wawili wanaoibeba wakioana, katika kila mimba kuna uwezekano wa 1 kwa 4 kwamba mtoto atazaliwa na ugonjwa huo. Kipimo chake ni cha damu. Ni heri kujua sasa kuliko kulaumiana wodini, ati damu ya nani ndiyo mbaya.

5. Imani, watoto na wazazi
Tutasali wapi? Watoto watabatizwa wapi? Tusipojaliwa watoto, itakuwaje? Swali hili la mwisho vijana hawalipendi, lakini tumeona nyumba nyingi zikivunjika hapo. Mkubaliane pia mtakaa wapi: kwenu, kwao, au mahali penu wenyewe.

HARAKA INATOKA WAPI?

Mara nyingi vijana wanajua maswali haya, lakini wanasukumwa. Binti amefika miaka 30, na shangazi wanamwuliza kila Krismasi. Au kuna mimba. Mimba inadai mtoto atunzwe na baba awajibike, na hilo ni wajibu wa haki kabisa. Lakini mimba peke yake haiwezi kumgeuza kijana asiye tayari kuwa mume. Ni vizuri mtoto azaliwe, wazazi wake watulie, ndipo waamue bila kukimbizwa.

Wengine wanasema, "Tukae kwanza pamoja, tutajuana humo humo." Hiyo ndiyo njoo-tukae. Tatizo ni kwamba mkishaweka vyombo pamoja na mtoto akaja, kuuliza kunakuwa kugumu zaidi, na kutoka kunakuwa na gharama kubwa zaidi. Wala msifikiri miaka tu itawafanya kuwa mume na mke. Mnamo Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilieleza ya kwamba kuishi pamoja muda mrefu peke yake hakutoshi. Sharti ionekane wawili hao walikuwa huru kuoana na walikuwa na nia hiyo. Tumewaona akina mama walioachwa bila kitu baada ya kulima shamba la watu miaka kumi na tano. Kwa wale ambao tayari wanaishi hivyo, hatuwatupi mawe. Waje kwa paroko au kwa katekista, njia ya kurekebisha ipo.

WAZAZI NA JUMUIYA

Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake juu ya familia ya mwaka 1981, alifundisha ya kwamba maandalizi ya ndoa yana hatua tatu: ya mbali, ya karibu, na ile ya mwisho kabla ya arusi. Ya mbali huanza utotoni, nyumbani. Mtoto anayemwona baba akimwomba mama msamaha ameshaanza kufundishwa ndoa. Sisi wa ofisini tunakuja mwishoni kabisa, wiki chache kabla ya arusi, na hatuwezi kujenga msingi wakati paa limeshafika.

Wazazi, mtoto akija akisema, "Nimebadili nia," msianze na mbuzi walioliwa. Mwulizeni amegundua nini. Na jumuiya ndogo ndogo, matangazo yanayosomwa kanisani si mapambo. Mwenye kujua kizuizi aseme mapema, tena kwa paroko, si kisimani. Yule mama aliyesema Jumapili ile aliitwa mchochezi na watu wengi. Binti mwenyewe alikwenda kwake baadaye akamshukuru.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Katika kijiji chetu, ni mambo gani yanayowazuia wachumba kuulizana ukweli?
2. Uchumba ukivunjika, sisi majirani tunawatendeaje wale wawili? Nani huumia zaidi?
3. Tunaweza kupunguza vipi gharama za arusi na michango, ili mtu asiogope kusimama akiona hatari?
4. Ni wazee gani wawili katika jumuiya yetu, mume na mke, ambao vijana wanaweza kuwaendea bila woga?

Mkishajadiliana, tuleteeni majina ya wale wazee. Tungependa wawe nasi mafundisho yajayo yakianza.