Nani Analima, Nani Anaulizwa?

Wapwa zangu, sogeeni hapa. Leo kibanja kitasema.

Kibanja mnakijua: migomba, kahawa na maharage kuzunguka nyumba, huku kwetu Bukoba na Muleba. Kinasema hivi: "Asubuhi nasikia jembe. Ni la mama. Mchana natandaziwa nyasi za rweya, ile mbuga ya nyasi. Ni mama tena. Baba naye hupogolea migomba. Wote nawajua kwa nyayo zao."

"Lakini mjomba, kazi si ya ofisini?"

Umeuliza vizuri sana! Mkoani kwetu Kagera watu wengi kazi yao ni shamba. Ndiyo maana watafiti wanaochunguza usawa kazini hufika hata shambani. Huuliza: nani analima, nani anaulizwa kabla ya uamuzi?

Hapo kibanja kinaguna. Maana sheria za mila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 zilisema mwanamke atumie ardhi ya ukoo maisha yake yote, ila asiiuze.

"Hata kama anailima yeye?"

Hata kama anailima yeye.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1988, mama mmoja wa Kihaya aliona anazeeka, hana wa kumtunza. Baba yake alikuwa amemrithisha shamba la ukoo kwa wosia. Akaliuza, shilingi 300,000, kwa mtu asiye wa ukoo. Jamaa yake akaja juu. Kesi ikaanza Mahakama ya Mwanzo Kashasha, na mama akashindwa. Akakata rufaa Mahakama ya Wilaya Muleba, akashinda. Jamaa naye akaipeleka Mahakama Kuu, Mwanza. Mpaka leo wanafunzi wa sheria huisoma: Ephrahim, yule jamaa, dhidi ya Pastory, yule mama.

"Jaji akasemaje?"

Kwanza nikuulize wewe. Njia ya kisimani ikiangukiwa na mti, mtaacha kuchota maji? Mtapinda, na njia mpya itaanza. Mila nayo ni njia iliyokanyagwa na watu. Mwaka 1984 Katiba yetu iliwekewa haki za binadamu, na ubaguzi ukakatazwa. Basi Februari 1990, Jaji James Mwalusanya akaamua: mwanamke anaweza kuuza kama mwanamume. Mimi naona aliamua kwa haki kabisa. Mwenye jembe alikuwa amenyimwa sauti.

Sheria za ardhi za mwaka 1999 zikampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume.

"Na wa kiwandani je? Na wa dukani?"

Ninyi watoto mna akili! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa kabila, dini, jinsia, ujauzito au ulemavu.

"Kwa hiyo siku hizi watu wote wanaulizwa?"

Hilo sheria haiwezi kukujibu. Hilo lataka mtu wa kwenda kuuliza, nyumba kwa nyumba. Chukua daftari. Anzia kwa shangazi yako, kahawa ikiwa bado uani: nani aliichuma, nani atakayeulizwa kabla haijauzwa?