Walipozima Mtandao, Majiko Yakazimika

Mwanzoni mwa Februari 2024 simu za Sudan zilianza kukosa mawasiliano. Kampuni za MTN na Sudani zilitangulia, Zain ikafuata siku chache baadaye, na karibu nchi nzima ikawa kimya. Mjini Khartoum, ambako jeshi la Jenerali Abdel Fattah al-Burhan lilikuwa likipigana na wapiganaji wa kikosi cha RSF cha Mohamed Hamdan Dagalo, maarufu Hemedti, kimya hicho kilileta njaa.

Sababu ni Bankak, programu ya simu ya Benki ya Khartoum. Vita vilipolipuka Aprili 15, 2023, matawi ya benki yalifungwa, mengine yakaporwa, na noti zikaadimika. Ndugu aliye Jeddah au Cairo akitaka kuwatumia wazazi fedha ya chakula, ilipitia humo. Mama akamhamishia salio mfanyabiashara wa mtaani, naye akampa noti baada ya kukata chake. Msomaji wa Mwanza au Nakuru anaijua biashara hiyo, ila huku kwetu wakala huwa na bango la makato ukutani. Vitani hakuna bango. Anakata kadiri shida yako inavyoonekana usoni.

Njia hiyo hiyo ndiyo iliyowabeba vijana wa "vyumba vya dharura", vikundi vya kujitolea vilivyoanzisha majiko ya pamoja baada ya mashirika makubwa kushindwa kuingia. Michango ya Wasudani walioko nje ilifika kupitia Bankak. Mtandao ulipozimwa fedha zilikuwepo, zimeandikwa kwenye akaunti, lakini hazikuweza kununua hata kilo ya maharage. Majiko mengi ya Khartoum yakaacha kupika, wala hakuna kombora lililopiga sufuria.

Watu wa kampuni za simu waliwanyooshea kidole RSF, waliokuwa wakishikilia vituo vya mitambo mjini humo. Ilielezwa kuwa walitaka kwanza Darfur, magharibi mwa nchi, irudishiwe mawasiliano, maana yalikuwa yamekatika huko kwa miezi. RSF walikanusha. Vyovyote iwavyo, aliyeizima mitambo ile alikuwa na kila sababu ya kujua nani ataumia, kwa sababu makamanda wana redio na simu za setilaiti. Mama mwenye Bankak hana.

Pengo hilo likazibwa na visahani vya Starlink, intaneti ya setilaiti, vilivyoingizwa kwa magendo, bila kibali cha serikali. Darfur watu walilipa kwa muda, wakajibanza kuzunguka kifaa, wakafungua akaunti na kusoma habari za nyumbani. Mara nyingi kifaa kilikuwa cha wapiganaji, au cha mtu aliyefanya biashara kwa ridhaa yao. Kisha mwaka huo huo wa 2024 kampuni ya Starlink ikatangaza kuwa itakata huduma katika nchi ambako haijasajiliwa, na karibu mashirika 100 yakalazimika kuiomba iache. Mlo wa mtu wa Nyala, Darfur, ukawa unasubiri uamuzi wa ofisi iliyoko Marekani.

Simu hiyo hiyo inayolisha ndiyo inayoweza kumponza mwenyewe. Kwenye vizuizi vya barabarani wapiganaji huidai, kisha hupekua picha na ujumbe wa WhatsApp. Picha moja ya askari wa upande wa pili inatosha kumfanya mtu aitwe jasusi. Unaweza kuamua kusafiri na simu ya kitochi, lakini kitochi hakina Bankak.

Mji wa El Fasher, Darfur, ulipoanguka mikononi mwa RSF Oktoba 26, 2025, baada ya kuzingirwa kwa zaidi ya siku 500, wapiganaji wenyewe walijirekodi wakiua watu na kusambaza video. Wapo waliotambua jamaa zao humo. Wengine walipigiwa simu na watekaji wakidai fidia, ilipwe kwa njia ya simu. Video hizo sasa ni ushahidi, na ni jambo la kuzingatia kwamba ushahidi huo umehifadhiwa na kampuni za mitandao ya kijamii zinazoweza kuufuta wakati wowote.

Itifaki ya Pili ya Mikataba ya Geneva, iliyopitishwa mwaka 1977 kwa ajili ya vita vya ndani ya nchi, inakataza kuwatia raia njaa kama mbinu ya kivita. Inataja vyakula, mashamba, mifugo na mitambo ya maji. Mnara wa simu haumo, kwani mwaka ule fedha ya unga ilikaa kwenye pochi au chini ya godoro. Wanasheria bado wanabishana iwapo data ni "kitu" kinacholindwa na sheria ya vita. Kwa maoni yangu ubishi huo unaweza kusubiri. Orodha ya 1977 imetolewa kwa mfano tu, haikufungwa, na mtambo unaopitisha fedha pekee ya chakula iliyobaki mjini unaingia humo bila kulazimisha maneno. Kinachokosekana ni serikali na mahakama zitakazoisoma hivyo, na wapatanishi wa Sudan wanaopaswa kuudai mtandao mezani kama wanavyodai njia ya malori ya msaada.