Raheli Njiani Kwenda Efrata

Kitabu cha Mwanzo, mlango wa 35, chatuambia kwamba Raheli alishikwa na utungu mzito safarini, akafa, akazikwa njiani. Mkunga alikuwapo. Wala hatusomi popote kwamba imani yake ilikuwa haba. Basi mbona sisi hapa Lunga Lunga humwambia hivyo mama aliyezaa kwa kupasuliwa? Nasi wachungaji tumo katika kosa hilo.

Mimba ya pili ikija, mama huogopa kisu, na mume huogopa gharama. Tujue hili: kovu moja lililokingama upande wa chini wa tumbo la uzazi halimzuii mama kuzaa kwa njia ya kawaida. Katika kina mama 100 wa namna hiyo wanaojaribu, wapata 70 hufaulu. Lakini katika 200, pengine mmoja kovu lake hufumuka, na hapo mama na mtoto huweza kufa upesi. Kwa hiyo asijaribu nyumbani, bali penye chumba cha upasuaji kilicho tayari usiku na mchana. Tena kovu la ngozi halionyeshi lile la ndani. Itunzeni karatasi ya hospitali.

Mama wa Lunga Lunga asingoje utungu ndipo atafutiwe gari la kwenda Msambweni. Wiki za mwisho alale kwa ndugu aliye karibu na hospitali, na mavyaa abaki na yule mtoto wa kwanza. Mume akiwa hana nauli, kanisa lichange mapema.