Mkaguzi wa Hesabu ni Jicho la Wanachama

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Lakini daftari nalo lahitaji jicho la pili. Mwanachama wa duka la ushirika, awe Mgeta au Matombo katika milima ya Uluguru, hawezi kuhesabu fedha za mauzo kila jioni. Kwa hiyo hesabu za halmashauri hukaguliwa na mtu asiye mtumishi wa chama. Kwa kazi hiyo, Sheria Na. 15 ya mwaka 1982 iliunda Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika.

Mkaguzi hatosheki na maneno. Huhesabu bidhaa ghalani, hulinganisha ankara na daftari, huiuliza benki salio. Tuseme daftari laonyesha mifuko 40 ya sukari, na ghalani imo 34. Thamani ya mifuko 6 ni faida isiyokuwapo. Wanachama wakigawana faida hiyo, wanakula mtaji wao wenyewe.

Hati safi si kiapo kwamba hakuna wizi. Husema tu kwamba hesabu hazina kosa kubwa la kumpotosha msomaji. Kulinda mali ni wajibu wa halmashauri. Kuuliza, taarifa isomwapo katika mkutano mkuu, ni wajibu wa kila mwanachama.