USHURU WA MAJENGO: MZIGO HUU UNAMWANGUKIA NANI?



Mbarara ilifanywa jiji tarehe 1 Julai 2020. Jiji linahitaji fedha, na njia mojawapo ya kuzipata ni ushuru wa majengo. Je, ushuru huu hushusha bei ya nyumba, au hupandisha kodi ya chumba tunachopanga?

Kwanza tuelewe sheria. Ushuru huu hutozwa kwa Sheria ya mwaka 2005, na hukadiriwa kwa kodi ambayo nyumba ingeweza kuingiza kwa mwaka, baada ya kupunguza gharama. Mwaka 2006 sheria ilirekebishwa, na mtu anayeishi katika nyumba yake mwenyewe akasamehewa. Kwa hiyo zinazoguswa hasa ni nyumba za kupangisha na za biashara.

Tuchukue mfano. Nyumba ina vyumba vitano, kila kimoja shilingi 80,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 4,800,000. Tuseme baada ya makato zinabaki 3,600,000, na ushuru ni asilimia 6. Mwenye nyumba atadaiwa 216,000 kwa mwaka.

Anayetaka kuinunua nyumba hiyo atapiga hesabu. Kama anataka fedha zake zirudi kwa miaka kumi, atapunguza bei kwa kiasi cha 2,160,000. Hivyo ndivyo ushuru unavyoshusha bei, na hasara humpata aliyekuwa na nyumba siku ushuru ulipoanza. Lakini fedha hizo zikijenga barabara, zikiweka taa na kuzoa taka, mtaa hupendwa na bei hupanda tena.

Na mpangaji? Vyumba vikiwa vingi, mwenye nyumba huogopa kupandisha kodi asije akabaki na vyumba vitupu. Vyumba vikiwa haba, humsukumia mpangaji. Tena ushuru ukizidi, watu huacha kujenga, na uhaba huongezeka. Tanzania tangu Agosti 2021 ushuru wa majengo hukatwa kwenye mita ya umeme, kwa hiyo anayenunua umeme ndiye anayeutoa kwanza, hata akiwa mpangaji.

Wenzetu wa Nakivale wana hali yao. Ardhi ya makazi yale ni ya kupewa mkimbizi aitumie, wala haruhusiwi kuiuza. Hakuna bei halali ya kiwanja ambayo ushuru ungeishusha. Lakini mwenzetu akija kufanya kazi mjini na kupanga chumba, ameingia katika hesabu hii sawa na wenyeji.

Basi tufanye nini?

1. Tuandikiane mkataba na mwenye nyumba, uonyeshe nani analipa ushuru.

2. Akisema kodi imepanda kwa sababu ya ushuru, tuombe kuona hati ya madai, tugawanye. Katika mfano wetu, 216,000 kwa miezi 12 na vyumba vitano ni shilingi 3,600 tu kwa chumba. Anayeongeza 20,000 anatunyonya. Isitoshe, Sheria ya mwaka 2022 ya wenye nyumba na wapangaji inakataza kupandisha kodi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka.

3. Tudai kwa viongozi wa jiji tuone kazi ya fedha hizo mitaani kwetu.

Mmoja akidai peke yake hutishwa kufukuzwa. Wapangaji wote wa nyumba moja wakienda pamoja, watasikilizwa. Umoja ni nguvu.