Mlo wa Chura wa Bustanini

Chura mwenye ngozi kavu ya vipele, kama vile Sclerophrys gutturalis wa mashamba na bustani za Kenya, huwinda usiku. Mchana hujificha chini ya mawe, magogo au vyungu vya maua. Giza likiingia katika mtaa kama Membley, mjini Ruiru, hutoka na mara nyingi hukaa chini ya taa, wanapoanguka nondo na mbawakawa.

Chakula chake kikuu ni sisimizi, mchwa na mbawakawa. Mvua za Machi hadi Mei au za Oktoba hadi Desemba zinapoanza, kumbikumbi huruka kwa wingi naye hushiba.

Chura hutambua windo kwa mwendo wake. Mdudu aliyetulia huachwa. Ulimi wenye ute unaonata, ulioshikamana mbele ya kinywa, hufyatuka na kumnasa anayesogea. Kwa kuwa hana meno, humeza windo zima, na macho yake hudidimia ndani kulisukuma kooni. Maji hayanywi, huyafyonza kupitia ngozi ya tumbo.

Viluwiluwi wake hula hasa mwani na mabaki ya mimea. Chura hupunguza wadudu waharibifu shambani, lakini dawa za kuua wadudu humnyima chakula na zinaweza kumdhuru kupitia ngozi yake.