Mtoto Mwenye Ualbino Nyumbani Mwetu



Jioni moja niliitwa nyumbani kwa ndugu mmoja wa kanisa letu. Mkewe alikuwa amejifungua siku nne kabla, na mtoto alikuwa mweupe, nywele zake rangi ya majani makavu. Mume alikuwa amekaa nje peke yake. Mama yake alikuwa amekwisha kufunga mzigo wa mkwewe, ili asubuhi arudishwe kwao. Nilipouliza kosa la yule mama, mume alinijibu, "Mwalimu, mtazame mtoto. Katika ukoo wetu hakuna mtu wa namna hii."

Basi niliomba maharage manne, mawili mekundu na mawili meupe. Nikampa mume moja jekundu na moja jeupe, na mkewe vivyo hivyo. Nikawaambia, "Kila mtu amerithi chembe mbili zinazoamuru rangi ya mwili, moja kwa baba na moja kwa mama. Harage jekundu ni chembe nzima. Jeupe ni ile iliyopungukiwa. Mwenye moja nzima, yamtosha. Ngozi yake ni kama ya wenzake, wala hajui kwamba anayo ile ya pili. Hivyo yaweza kujificha vizazi vingi. Sasa fumbeni macho, kila mmoja atoe moja."

Mara ya kwanza yalitoka mawili mekundu. Mara ya pili moja jekundu na moja jeupe. Mara ya tatu yakatoka yote mawili meupe. Nikasema, "Huyu ndiye mtoto wenu." Mume alitazama harage lake kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe hili limetoka kwangu." Mama yake hakusema neno, lakini kulipopambazuka niliona mzigo umefunguliwa.

Ndugu zangu, ualbino si laana, wala si dalili ya uzinzi, wala hauambukizi. Hurithiwa kwa baba na mama pamoja. Wazazi wote wawili wakiwa na chembe ile iliyojificha, kila mimba ina bahati moja katika nne ya kuzaa mtoto mwenye ualbino. Wala mtu asidhani kwamba akizaliwa mmoja, watatu watakaofuata watakuwa salama. Kila mimba huanza hesabu upya.

Adui wa mtoto huyu ni jua. Rangi iliyomo katika ngozi ni kama paa la nyumba. Yeye amezaliwa bila paa, basi yatupasa kumwezekea. Jua humchoma tangu utoto, na madhara hujilimbikiza kidogo kidogo mpaka kuleta saratani ya ngozi, ambayo imewaua wengi wakiwa bado vijana. Lakini yaweza kuzuiwa, na kazi hiyo huanza nyumbani.

Kwanza, asikae juani tangu saa nne asubuhi hata saa kumi alasiri. Kazi za shamba na kuteka maji afanye mapema au jioni. Mawingu yasitudanganye, maana miale ya jua hupenya. Pili, avae nguo za mikono mirefu, za kitambaa kizito kisichopitisha mwanga, na kofia pana inayofunika masikio na shingo. Kofia yenye ukingo wa mbele tu haitoshi. Tatu, apakwe mafuta ya kuzuia jua, yenye kinga ya namba 30 au zaidi, kabla ya kutoka, na tena kila baada ya saa mbili awapo nje. Midomo na masikio visisahauliwe. Mafuta ya nazi hayawezi kushika mahali pake. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, chuo cha madaktari wa ngozi kilianzisha utengenezaji wa mafuta yaitwayo Kilisun kwa ajili ya watu hawa. Ulizeni katika zahanati yenu yapatikanapo. Nne, mama amtazame mwili mara kwa mara. Kidonda au gamba lisilopona kwa majuma manne lipelekwe kwa mganga wa hospitali. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sasa nasema na walimu. Macho ya mtoto huyu huchezacheza, huumizwa na mwanga, na hayaoni mbali. Miwani humsaidia, lakini kwa kawaida haimpi uoni kamili. Akishindwa kusoma ubaoni, usimwite mvivu. Mweke mbele, ageuzie dirisha mgongo. Mruhusu kuusogelea ubao na kushika kitabu karibu na uso, maana kufanya hivyo hakumdhuru. Mruhusu avae mikono mirefu na kofia, hata kama sare ya shule ni nyingine. Wala usiwaache wenzake wamwite "zeruzeru". Ana jina lake.

Twakumbuka maovu waliyotendewa watu hawa katika Tanzania, hasa miaka ya 2007 na 2008, kwa uongo wa wapiga ramli kwamba viungo vyao huleta utajiri. Uongo ule huanza katika maneno madogo ya nyumbani: kwamba huyu si mtu kama sisi. Basi tuukate hapo hapo. Mwaka 2010 watu wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfani Barwany, mwenye ualbino, kuwa mbunge wao. Naye alikuwa mtoto kama huyu.

Yule mtoto wa maharage sasa atembea. Juzi nilimwona akija kanisani mgongoni mwa bibi yake, amevaa kofia kubwa kupita kichwa chake. Niliuliza ni nani aliyeishona. Bibi alinijibu, "Ni mimi, Mwalimu. Nashona na nyingine, maana huyu akua upesi."